Tezi la Mama Da-sol

Msingaji wa hamamu hana pa kuificha shingo yake. Hyang-mi alilijua hilo tangu asubuhi ile ya mwezi wa nne alipoligusa lile tezi kwa mara ya kwanza, akijipaka sabuni kabla wateja hawajaingia. Lilikuwa upande wa kushoto, chini ya sikio, dogo kama punje ya maharage ya soya, gumu kiasi, na lilipobonyezwa liliuma. Akasimama, mkono shingoni, maji yakiendelea kumwagika. Kisha akachukua taulo dogo, akajizungushia shingoni kama wanavyofanya wanaume wa karakana za meli, akaenda kufungua mlango.

Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu nongo. Huko Yeongdo, kisiwa kilichounganishwa na mji wa Busan kwa madaraja, wanawake wa mtaa ule huja kwenye hamamu ya Bi Deok-ja na vikapu vyao vya sabuni, wakajiloweka kwenye maji ya moto mpaka ngozi ilainike, kisha wakalala uchi juu ya kitanda cha plastiki. Hapo Hyang-mi huvaa glavu yake ya kijani yenye kukwaruza na kuwasugua kuanzia shingoni mpaka nyayoni, huku nongo zikidondoka kama vipande vya uzi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mabega mapana, mume mchomeleaji vyuma aliyeitwa Tae-gon, na binti mmoja, Da-sol. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Da-sol.

Lile taulo halikumfikisha popote. Kwenye mvuke ule hakuna anayejifunika kitu bila kuulizwa, na wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Chu, muuza dagaa wakavu wa sokoni, aliyekuwa amelala kifudifudi akisubiri kusuguliwa mgongo.

"Mama Da-sol, mumeo ameanza kukukaba usiku? Toa taulo hilo tuone."

"Shingo imekaza tu, dada."

"Shingo ikikaza watu hubandika plasta ya dawa. Hawavai taulo bafuni. Hebu inama."

Hyang-mi akainama. Mama Chu akainuka kwa kiwiko, akabonyeza pale kwa kidole ambacho kilinuka dagaa hata baada ya sabuni yote ile.

"Mh. Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Muongo wewe. Hili si la juzi."

Basi ikawa hakuna siri tena. Wanawake wakatoka majini mmoja mmoja, wakaja kugusa. Mmoja akasema ni jino bovu, aende akang'olewe. Mwingine akasema ni kazi nyingi, mwili unadai usingizi. Mwingine akamwambia achemshe mizizi ya majani fulani yanayoota kando ya reli, anywe asubuhi kabla ya kula. Mwanamke mmoja wa kanisani akaanza kusema, "Binamu yangu naye lilimwanza hivihivi," kisha akatazama nyuso za wenzake, akanyamaza, akarudi majini. Maneno yote yale hayakumtisha Hyang-mi. Kilichomtisha ni ule ukimya.

Wiki zilizofuata homa ikawa inampanda kila jioni. Alikuwa akirudi nyumbani, anapika, anakaa, na mara anaanza kutetemeka. Asubuhi anaamka shuka limelowa jasho. Daktari wa zahanati ya karibu na soko akampa dawa za kuua vijidudu. Akazimaliza. Tezi halikupungua, na pembeni yake likajitokeza la pili. Daktari akatikisa kichwa, akasema afadhali apime kifua kikuu.

Habari ya kipimo hicho ilifika hamamu kabla yake. Wateja wakaanza kusema leo watajisugua wenyewe, leo wana haraka, leo ngozi inawasha. Mmoja wao, mke wa mwenye duka la nyaya, alimwendea Bi Deok-ja kwenye kidirisha cha tiketi na kumnong'oneza kwa sauti ambayo hata waliokuwa chumba cha mvuke waliisikia.

"Bi mkubwa, wewe unamwacha mtu wa namna hiyo aguse watu?"

Bi Deok-ja alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na alikuwa ameketi kwenye kidirisha kile tangu mumewe alipofariki. Hakuinua macho kutoka kwenye kabichi aliyokuwa akiimenya.

"Kama unaogopa, daraja liko pale. Hamamu ya ng'ambo ina maji ya vuguvugu, utafurahi. Lakini kile kikapu chako cha sabuni unachokiacha hapa bure, kichukue pia."

Majibu ya kifua kikuu yakatoka: hakuna kitu. Mke wa mwenye duka la nyaya akarudi bila kuomba radhi, na Hyang-mi akamsugua kama kawaida. Lakini kama si jino, si vijidudu, wala si kifua kikuu, basi kilichobaki alikijua, na ndicho ambacho hakutaka kukitaja.

Mama yake alikufa Hyang-mi akiwa bado msichana wa shule. Naye ilimwanza shingoni. Baba na shangazi walikwenda hospitali pamoja naye, wakaitwa pembeni, wakaambiwa, na wakakubaliana kutomwambia mgonjwa. Ndivyo watu wengi walivyofanya wakati ule. Walidhani mtu akijua atakata tamaa. Wakarudi nyumbani wakitabasamu. "Si kitu," baba alisema. "Tezi tu." Kila mama alipouliza, jibu lilikuwa tayari. Ni baridi. Ni upepo wa baharini. Ni uchovu wa uzazi wa zamani. Wiki ijayo utakuwa umepona. Hyang-mi mwenyewe aliamini, akaenda safari ya shule akicheka na wenzake, na aliporudi akakuta viatu vya watu wengi mlangoni.

Hayo hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe. Tae-gon alijua tu kwamba mama mkwe alifariki kwa ugonjwa.

Hospitali kubwa ya mjini ikamchoma sindano shingoni na kunyonya maji ya tezi. Majibu yakarudi hayasemi hivi wala vile. Daktari aliyemhudumia, mwanamke kijana aliyeitwa Daktari Bang, akamweleza kwamba sindano huwa inachukua kidogo mno. Njia zilikuwa mbili: kusubiri waone, au kulitoa tezi moja zima likapimwe.

"Nitasubiri," Hyang-mi akasema haraka.

Kusubiri kulimmaliza kuliko homa. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda shingoni vyenyewe: akichambua mboga, akisubiri taa za barabarani, akizungumza na mtu. Kila alipogusa aliona limekua. Alipogusa tena baada ya dakika chache aliona limepungua. Ngozi ya pale ikawa nyekundu kwa kubonyezwa.

"Mama, unaligusa tena," Da-sol alimwambia wakiwa mezani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na macho yasiyokosa kitu.

"Najikuna."

"Unajikuna hapohapo kila siku? Basi una kiroboto mmoja mwaminifu sana."

Hyang-mi akacheka, na Tae-gon akacheka kwa nguvu kupita kiasi. Hilo nalo likamkera. Tae-gon hakuwa mtu wa kucheka mezani. Alikuwa mtu anayerudi kutoka karakana, anakula, anaangalia mpira, analala. Sasa alikuwa ameanza kupiga mluzi. Alinunua chaza wakubwa sokoni akampikia nao uji wa mchele, akauunguza chini, akamwambia, "Kula, utapona tu, si kitu hiki." Hyang-mi alikula akimtazama. Moyoni alikuwa anajiuliza: huyu ameambiwa nini?

Bi Deok-ja ndiye aliyemtoa kwenye kusubiri. Ilikuwa siku wanayosafisha mabwawa, hamamu imefungwa, wote wawili wakiwa wamepiga magoti na brashi mikononi.

"Unaogopa kisu au unaogopa majibu?" mzee akauliza.

"Kisu siogopi. Naogopa watakachoniambia." Akasugua kidogo, kisha akaongeza, "Na naogopa wasichoniambia."

"Hilo la pili sikulielewa."

"Basi tu, bi mkubwa."

Bi Deok-ja akamtazama, hakumbana. "Nenda ukakatwe. Utaligusa hilo dude mpaka lini? Kitanda chako nitakishika mimi, asije mtu mwingine akakichukua."

"Wewe? Na mgongo wako huo?"

"Nilikuwa nasugua watu wewe hujazaliwa. Nenda."

Akaenda. Wakamkata upande wa shingo, kidonda kifupi tu, akalala usiku mmoja akarudi nyumbani na bandeji. Mama Chu akaja kumwona na mfuko wa dagaa, akamletea malalamiko ya wateja wote.

"Urudi upesi. Bi mkubwa anatusugua kama anayekwangua sufuria iliyoungua. Mke wa mwenye duka la nyaya alilia."

"Alilia kweli?"

"Machozi kabisa. Bi mkubwa akamwambia, 'Tulia, nongo zako zina umri mkubwa kuliko binti yangu.'"

Siku ya majibu Tae-gon aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza. Walipofika, muuguzi akamwita Hyang-mi chumba cha pili ili amtoe nyuzi kwanza. Haikuchukua muda. Alipotoka akishika bandeji mpya, alimkuta mumewe amesimama kwenye korido na Daktari Bang anaondoka kuelekea chumbani mwake. Tae-gon alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Si kitu," akasema. "Tezi tu."

Maneno yalikuwa yaleyale, na tabasamu lilelile, na kwa muda Hyang-mi hakumwona Tae-gon mbele yake. Alimwona baba yake amesimama mlangoni, akivua viatu.

"Amekuambia nini?"

"Ndiyo hivyo. Kwamba si kitu kibaya. Twende, tukale."

"Alikuita pembeni?"

"Hakuniita. Alikuwa anapita."

"Mnanificha."

"Tunakuficha nini? Hyang-mi. Wewe, ngoja."

Lakini alikuwa ameshampita. Akafungua mlango wa Daktari Bang bila kubisha. Mzee mmoja alikuwa anavaa koti lake mle ndani. Akamtazama, akaona uso wake, akajiondokea na kifungo kimoja hakijafungwa.

"Daktari, niambie mimi," Hyang-mi akasema. "Mimi ndiye mwenye shingo. Kama ni saratani sema saratani. Usinipitishie kwa mume."

Daktari Bang akasimama, akasogeza kiti.

"Umekosewa, na aliyekukosea ni mimi," akasema. "Nilimkuta kwenye benchi anakusubiri, nikamwonea huruma nikamtolea neno moja. Ilinipasa kuanza na wewe. Kaa, nikuambie yote."

Hyang-mi akakaa. Tae-gon alikuwa amefika mlangoni, akabaki hapohapo.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na picha ya rangi ya waridi na zambarau, kama kitambaa kilichomwagikiwa dawa.

"Hili ni tezi lako, limekuzwa. Saratani ya matezi ina sura yake, na hii siyo. Tumelitazama madaktari watatu, kila mmoja peke yake. Kifua kikuu nacho kina sura yake, na hii siyo. Hapa unaona chembe za mwili zinakufa zenyewe kwa mafungu, na nyingine zinakuja kusafisha. Ugonjwa huu tunaujua. Unawapata zaidi wanawake, na zaidi huku kwetu, sisi na Wajapani na majirani. Homa itaisha. Tezi lililobaki litapungua lenyewe, labda kwa miezi."

"Unaletwa na nini?"

"Hatujui."

Hyang-mi akamkazia macho. "Wewe hujui?"

"Mimi sijui. Aliyenifundisha hajui. Waliouandika kwa mara ya kwanza, kabla mimi sijazaliwa, hawakujua. Wapo wanaodhani ni kirusi fulani, lakini hakuna aliyethibitisha."

"Si yale maji ya moto? Mimi hukaa mvukeni kutwa."

"Sina sababu ya kusema hivyo."

"Na chakula?"

"Hapana."

"Basi dawa yake ni nini?"

"Ya kutuliza homa na maumivu. Zaidi ya hapo, kungoja."

"Na ukirudi?"

"Kwa watu wachache hurudi. Na wachache zaidi, baadaye, hupata maradhi mengine ya kinga ya mwili. Kwa hiyo nitakuwa nakuita tupime damu. Ninaamini utapona. Kukuahidi mia kwa mia siwezi."

Ajabu ni kwamba hapo ndipo kifua cha Hyang-mi kilipofunguka. Daktari alitazama akidhani amemtia hofu upya, lakini Hyang-mi alikuwa ameegemea kiti na kuachia pumzi ndefu iliyotoka tumboni. Katika miezi yote ile ya ugonjwa wa mama yake, nyumbani kwao hapakuwahi kutamkwa neno "sijui". Kila swali lilikuwa na jibu lake, laini na tayari. Mtu anayekuficha kitu hakosi sababu ya kukupa. Na huyu msichana aliyevaa koti jeupe alikuwa amekaa mbele yake, shahada zote zile ukutani, akisema sijui, sijui, siwezi kuahidi. Hyang-mi akamwamini.

"Asante," akasema. Kisha akaanza kulia, kilio cha kimya kisichokuwa na uchungu, na daktari akasukuma boksi la karatasi laini mbele yake akajifanya anaandika.

Walikwenda kula supu ya nguruwe kwenye kibanda kilicho nyuma ya hospitali. Tae-gon alikuwa amenuna.

"Mimi nimesema nini kibaya?" akauliza hatimaye. "Nimekuja na habari njema, umenitazama kama nimeua mtu."

Hapo Hyang-mi akaweka kijiko chini na kumsimulia. Habari ya shangazi, habari ya upepo wa baharini, habari ya ile safari ya shule, na vile viatu mlangoni. Alisimulia bila kupumzika, mpaka ukoko wa mafuta ukaganda juu ya supu. Mwenye kibanda alikuja kuuliza kama chakula hakikuwapendeza, akaona afadhali arudi jikoni.

Tae-gon naye akaweka kijiko chake chini.

"Tuna binti wa miaka kumi na miwili," akasema. "Miaka yote hiyo hukuniambia."

"Sikuwahi kumwambia mtu."

"Basi sikia. Nikijua kitu kibaya, nitakuambia. Na nitakuambia vibaya, maana kusema vizuri sijui. Umeniona leo: hata jambo jema limenishinda kulisema."

"Na ule mluzi?"

"Mluzi gani?"

"Uliokuwa unapiga nyumbani. Nilidhani unajua kitu."

Tae-gon akakuna kichwa. "Nilikuwa naogopa. Kule karakana, nikipanda juu sana, napiga mluzi. Wenzangu wananicheka."

Hyang-mi akamtazama mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, akasukuma bakuli la kimchi, ile kabichi kali iliyochachushwa, upande wake. Wakaagiza supu ipashwe moto.

Homa iliondoka kabla mvua za majira ya joto hazijaisha. Tezi la pili halikuwa na haraka. Lilikaa majira ya majani kuanguka, likakaa mpaka upepo wa baridi ulipoanza kupiga bandarini, likipungua kidogo, likisimama, kama mgeni asiyejua aage vipi. Hyang-mi alirudi kwenye kitanda chake cha plastiki bila taulo shingoni, kovu likionekana, na wateja walipouliza aliwajibu huku akiendelea kusugua: si saratani, si kifua kikuu, haliambukizi, sababu haijulikani, ukitaka gusa.

Hilo la sababu kutojulikana ndilo lililowashinda.

"Haiwezekani isijulikane," Mama Chu alisema. "Ni vile ulivyokuwa unakunywa maziwa ya ndizi ya baridi ukitoka mvukeni."

"Ni kaburi la babu wa mumewe, limekaa vibaya," akasema mwingine.

"Ni hasira alizoweka moyoni kwa ajili yetu," akasema mke wa mwenye duka la nyaya, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona aibu.

Hyang-mi aliwaacha kila mmoja na yake. Yeye mwenyewe kuna siku alitamani sana kuwa na sababu, angalau apate kitu cha kuacha kula. Siku nyingine vidole vilikwenda shingoni vikabonyeza mpaka Da-sol akakohoa kumwonya. Walikubaliana wawili hao kwamba tezi litakaguliwa siku ambayo hamamu imefungwa tu, na mkaguzi atakuwa Da-sol. Msichana alikuwa analigusa kwa kidole kimoja, macho ameyafumba, kisha anatoa hukumu: "Limelala," au "Limenuna leo, lakini dogo." Siku zilizobaki Hyang-mi alijitahidi kuliacha. Hakufaulu kila mara.

Mwanzoni mwa mwaka homa ikampanda tena, kali, na akalala akitazama dari akiwa na hakika kwamba ugonjwa umerudi. Tae-gon alisimama mlangoni.

"Naogopa," akasema, kama alivyoahidi. "Sijui ni nini. Kesho twende."

Ilikuwa mafua. Nusu ya darasa la Da-sol walikuwa nayo. Daktari Bang akapima damu kwa kuwa walikuwa wamefika, akaona kila kitu kiko sawa, akamwambia arudi baada ya miezi sita.

"Sita? Zamani ulikuwa unaniita kila mwezi."

"Umeanza kunichosha," daktari akasema, na wote wawili wakacheka.

Sasa tezi lile, ukilitafuta kwa makini, limebaki kama punje ya mchele, na huenda likabaki hivyo siku zote. Daktari anasema wapo watu wengi wanaotembea na punje kama hizo bila hata kujua. Hyang-mi huwa analisahau siku kadhaa mfululizo. Nguvu zimemrudia mikononi kuliko awali, kwa ushahidi wa Mama Chu, aliyelala kitandani juzi akishika kingo kwa mikono yote miwili.

"Taratibu, Mama Da-sol. Hiyo si nongo tena, hiyo ni mimi mwenyewe."

"Geuka upande wa pili, dada."

"Afadhali ulipokuwa mgonjwa," Mama Chu akanung'unika, na akageuka.